Inchi Sita za Dalmas Obuya

Kilichomzuia Dalmas Obuya kuingia mashindanoni kilikuwa mpini wa ufagio.

Caren, mkaguzi wa klabu ya magari, aliushika mpini huo kwa mikono miwili, akaulaza kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele hadi kwenye chuma cha kinga kilichopinda nyuma ya viti. Dalmas alikuwa ameketi ndani ya kigari chake chekundu cha viti viwili, helmeti kichwani, akijitahidi kutopumua. Sheria ilikuwa kwamba mpini upite juu ya helmeti bila kuigusa, ili gari likipinduka, chuma ndicho kiumie wala si kichwa. Mpini haukupita. Uliigonga helmeti, kong, na sauti hiyo ikasikika mpaka kwenye foleni ya chai.

"Umezidi vidole vinne, mzee," Caren alisema.

"Na nikijikunja?"

"Jikunje tuone."

Dalmas alijikunja. Alikuwa mtu mpana, mwenye mabega ya kujaza mlango na makalio yasiyotaka kuachwa nyuma na mabega. Ndani ya kigari kile, kujikunja hakukumteremsha hata kidogo. Kulimsukuma mbele tu, tumbo likaulalia usukani, na honi ikaanza kulia. Ililia kwa muda mrefu, kwa sababu alipojaribu kurudi nyuma alikuta njia imefungwa.

Watu wote waliokuja uwanja wa Jamhuri siku hiyo waligeuka. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Ndegwa, jirani yake wa Kinoo, muuza matangi ya maji, ambaye naye alikuwa na kigari cha aina hiyo hiyo, cha buluu.

"Jirani!" Ndegwa aliita. "Nunua lori la kokoto! Huko utakaa na miguu umenyoosha!"

Caren hakucheka. Alimsaidia Dalmas kutoka, akamfuta vumbi begani. "Shida si wewe, ni kiti. Hicho kilichokuja na gari kina sponji nene, na kimepandishwa juu ya reli. Tafuta kiti cha mashindano, kile kinachokaa karibu na sakafu. Lakini Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho msimu huu. Usipopita, tutaonana mwakani."

Mwakani! Dalmas alikuwa anatimiza miaka hamsini mwezi wa kumi na moja, na alikuwa amejiahidi kwamba kabla ya siku hiyo ataliendesha lile gari kati ya koni za Jamhuri, saa ikihesabu, angalau mara moja. Mara ya kwanza betri ilikufa. Mara ya pili mvua ilinyesha mpaka uwanja ukageuka shamba la mpunga. Hii ilikuwa ya tatu.

Halafu kulikuwa na suala la fomu. Fomu ya klabu ina mstari wa dereva wa akiba, na juu ya mstari huo, kwa mwandiko safi wa mwalimu mkuu, mtu alikuwa ameandika: Millicent Obuya.

"Niliweka tu, mstari usikae bure," mkewe alimwambia jioni ile, akimwagia ugali mboga.

"Mama Ivyne, na hizo glavu?"

"Glavu gani?"

"Hizo nyeusi za ngozi. Ziko kwenye mkoba wako."

"Ni za baridi," alisema Millicent. Ilikuwa mwezi wa pili, na jua la Kinoo lilikuwa linapasua ndoo.

*

Jumatatu saa ya chakula cha mchana, Dalmas alitoka ofisini katikati ya mji akatembea hadi barabara ya Kirinyaga, ambako ukikosa kipuri cha gari basi jua hakijatengenezwa bado. Alimkuta Wainaina, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amezungukwa na viti. Vingine vilining'inia darini kama nyama buchani.

Wainaina hakuwa na haraka. Alimkaribisha, akamuuliza habari za kazi, akamuuliza gari ni la aina gani, ndipo akatoa penseli.

"Kiti ya mashindano si sofa, boss," alisema. "Hii inakushika mbavu na makalio, ndio ukikata kona mwili usihame. Ikiwa kubwa, unacheza ndani kama maharagwe kwa sufuria. Ikiwa ndogo, hauingii. Kwa hivyo nataka namba mbili. Nafasi ya gari, na wewe."

"Nafasi ya gari nimeipima mara tatu," alisema Dalmas, na hapo sauti yake ikapata heshima, maana kupima ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa amewasuluhisha ndugu waliogombania upana wa ua. "Kutoka mlangoni hadi kwenye ule mgongo wa katikati, sentimita arobaini na tisa. Kamili."

"Na wewe? Kiuno?"

"Inchi thelathini na nane."

Penseli ya Wainaina ilisimama. Alimtazama Dalmas, kuanzia juu kushuka chini, halafu kulia kwenda kushoto, safari iliyochukua muda zaidi.

"Thelathini na nane," alirudia polepole. "Labda nikupime tu, boss. Dakika moja."

"Ya nini? Nashonewa na Kitavi, hapo River Road, huu mwaka wa kumi na sita. Kila mara ananipima, anaita namba kwa sauti, anaandika kwenye kitabu. Thelathini na nane mwaka wa kwanza, thelathini na nane mwaka jana. Hata imeshonwa hapa kwa lebo." Alifunua kiuno cha suruali kidogo, Wainaina aone. "Mimi ni mpima ardhi, bwana. Nikikupa kipimo, ni kipimo."

Wainaina aliitazama lebo. Kweli ilisema 38. Alikuwa mtu wa adabu, na huwezi kubishana na lebo. Akaenda kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kiuno upande mmoja, upana wa kiti upande wa pili, akafuata mstari kwa kidole, akashusha kiti cheusi chenye mbavu nyekundu.

"Kwa hii karatasi," alisema, kama mtu anayeitupia karatasi lawama mapema, "hii ndiyo yako."

Kilikuwa kiti kizuri. Dalmas alikizunguka mara moja, akageuka, akajishusha. Makalio yalifika kwenye mbavu za kiti yakasita. Akavuta pumzi, akajiachilia kwa uzito wake wote, na kukatoka mlio kama wa kizibo kikirudi ndani ya chupa.

"Nimeingia!" alisema kwa furaha.

"Umeingia," Wainaina alikubali.

"Kinanishika kweli."

"Kinakushika."

Walitazamana. Dalmas alijaribu kusimama. Alisimama vizuri kabisa, na kiti kikasimama naye.

Kwenye barabara ya Kirinyaga jambo la namna hiyo halikai siri. Muuza breki wa jirani alikuja kwanza, halafu muuza vioo, halafu mama wa chapati na wateja wake watatu, kila mmoja na chapati yake mkononi. Wawili walishika kiti, wawili wakamshika Dalmas mikono, wakavuta. Dalmas alipogeuka kuwaambia waache, mgongo wa kiti ulipiga viti viwili vya darini vikaanza kubembea.

"Tia greasi!" alishauri muuza breki.

"Greasi itaharibu kiti," alisema Wainaina.

"Basi mpeleke nyumbani hivyo hivyo. Ataketi popote."

Simu ya Dalmas ililia. Ilikuwa mfukoni mwa nyuma, yaani ilikuwa mahali ambapo kwa wakati huo hakuna binadamu angeifikia. Ililia mpaka ikachoka, na wote wakasikiliza kwa heshima.

"Huyo ni mke wangu," Dalmas alieleza.

Mwishowe ni mama wa chapati aliyesema neno la maana. "Nyinyi mnavuta mtu. Kinachoshika si mtu, ni suruali. Mwacheni atoke ndani yake."

Wainaina alileta turubai la kufunikia magari. Nyuma ya turubai kulikuwa na kuhema, mshipi kulegea, mlio mrefu wa kitambaa kikiachia, na hatimaye Dalmas akatokea amejifunga turubai kifuani, akiwa huru. Suruali ilibaki imeketi kwenye kiti peke yake. Mshono wa nyuma ulikuwa umepasuka kutoka kaskazini hadi kusini.

Watu walipiga makofi, wakatawanyika. Lakini Wainaina hakuwa ametosheka. Kwa miaka mingi aliwauzia watu wenye kiuno cha thelathini na nane kiti kile kile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutembea nacho. Alichomoa suruali, akailaza mezani, akavuta tepu kwenye kiuno chake, akazidisha namba mara mbili.

"Boss," alisema kwa sauti ndogo. "Njoo usome wewe mwenyewe."

Dalmas alisoma. "Tepu yako ni mbovu."

Alichukua tepu yake ya chuma ya kazini kutoka kwenye begi, ile iliyokwishaamua kesi saba za mipaka. Akapima. Akapima tena kutoka upande wa pili, kama anavyofanya anaposhuku jiwe la mpaka limehamishwa. Akapima mara ya tatu apate wastani.

Ilikuwa inchi arobaini na nne, kila mara.

*

Kutoka barabara ya Kirinyaga hadi River Road si mbali, ila ukiwa umevaa koti, tai na turubai, ni mbali kiasi. Dalmas alipanda ngazi hadi duka la Kitavi, suruali kwapani.

Kitavi alikuwa mzee mfupi mwenye futi ya kitambaa shingoni, asiyeivua hata akienda kanisani. Aliitazama suruali. Akalitazama turubai. Akaketi.

"Imefika siku," alisema.

"Kitavi, niambie. Suruali hii ni inchi ngapi?"

"Kitabu kinasema thelathini na nane, mzee."

"Sijauliza kitabu."

Kitavi alisimama, akafunga mlango, akafungua kabati la nyuma. Ndani, kwenye ndoano, kulining'inia karatasi za kaki, zile fundi anazozilaza juu ya kitambaa ili akate kwa kuzifuata. Kila karatasi ilikuwa na jina la mteja. Zilikuwa nyingi. Dalmas aliona majina ya wanaume anaowajua, wazee wa kanisa, hata bosi wake.

"Kitabu ni cha kusikika," alisema Kitavi. "Nikikupima naita namba, wewe unafurahi, na yule anayengoja kwenye benchi anasikia. Halafu ukienda nakata kwa karatasi. Karatasi haijawahi kumdanganya mtu. Lini suruali yangu ilikubana?"

Dalmas alifikiri. Haikuwahi kumbana.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili ya kwanza ulikuwa thelathini na nane kweli. Halafu ukapandishwa cheo." Kitavi alitazama sakafu. "Niliwahi kumwambia mtu ukweli, mzee. Mara moja tu, mbele ya kile kioo. Alihamia kwa fundi mwingine, na huyo akamwambia thelathini na nne. Leo anatembea na vifungo wazi, lakini ana furaha."

Dalmas alitaka kukasirika. Alijitayarisha kabisa, akashika turubai vizuri kwa mkono mmoja ili ule mwingine uwe huru kunyoosha kidole. Lakini aliona ile karatasi yenye jina lake, jinsi ilivyoongezewa vipande pembeni kwa gundi, kimoja baada ya kingine, kila mwaka kipande chembamba, kwa unadhifu mkubwa. Mtu alikuwa amefanya kazi ile polepole na kwa uangalifu, bila kumwambia yeyote. Kidole kikashuka.

"Jumamosi nina mashindano," alisema. "Kiti nimekichagua kwa kitabu chako na kimenipasua suruali mbele ya mama wa chapati. Sasa nataka kipimo cha karatasi. Na si cha kusimama. Nataka cha kukaa."

"Ukikaa unaongezeka," Kitavi alionya.

"Ndio maana."

Basi wakafanya hivi: Dalmas aliketi kwenye benchi la wateja, Kitavi akaleta majora mawili mazito ya kitambaa, akayasimamisha moja kulia na moja kushoto, akayasukuma mpaka yakagusa makalio. Kisha Dalmas akasimama polepole, majora yakabaki mahali pake, na pengo kati yao likabaki wazi kama kiwanja kilichokwishawekewa mawe.

"Pima," alisema Dalmas.

Kitavi alilaza futi, akafumba macho. "Mzee, mdomo wangu haujazoea."

Dalmas aliinama akasoma mwenyewe. Sentimita arobaini na nne. Aliiandika kwenye daftari lake la kazini, chini ya ramani ya shamba fulani la Kikuyu.

"Na lebo ya suruali mpya," aliongeza akiwa mlangoni, "shona ile ya kweli. Ndani. Kwa uzi mweupe."

"Mweupe, mzee?"

"Isomeke."

*

Wainaina aliisikiliza namba mpya bila kubadili uso, jambo ambalo Dalmas alilishukuru. Kiti chenye nafasi ya sentimita arobaini na nne kilikuwepo. Walikileta hadi kwenye gari, wakakiingiza, na mlango ukagoma kufunga. Nje, kiti kile kilikuwa na upana wa hamsini na tatu.

"Kinachokutosha wewe hakitoshi gari," alisema Wainaina. "Kinachotosha gari hakikutoshi wewe." Alivua miwani akaipangusa. Alizunguka gari mara mbili. Kisha akaenda nyuma kabisa ya duka, akarudi na kiti kikuukuu ambacho panya walikuwa wamekula nusu ya sponji.

"Hicho?"

"Usiangalie godoro, angalia kitanda." Alibomoa sponji yote kwa kisu, likabaki ganda gumu jembamba. Akapima. Ndani arobaini na tano, nje arobaini na nane. "Sponji ndiyo ilikuwa inakula nafasi yako, boss. Tunaitoa yote. Tunafunika na kitambaa chembamba tu, halafu tunafunga kwa bolti moja kwa moja kwa sakafu. Hakuna reli. Utashuka vidole vitano."

"Kitambaa gani?"

Swali hilo Kitavi alikuwa amelijibu tayari. Kwa kutaka kufuta makosa, alikuwa ameanza kushona suruali mpya ya siku ya mashindano, ya sufu ya kijivu yenye mistari, na kitambaa kilibaki. Alilishonea ganda nguo ya sufu ile ile, ikakaa bila kunyanzi hata moja, kwa sababu aliikata kwa karatasi. Ijumaa asubuhi kiti kilifungwa kwenye gari. Dalmas akaketi akiwa na suruali mpya, na kwa mbali hukuweza kujua dereva anaishia wapi na kiti kinaanzia wapi. Millicent aliona shati na kichwa tu.

Halafu Millicent akaomba naye ajaribu. Alivaa glavu kwanza. Aliketi, akanyoosha miguu, na miguu ikaelea hewani. Pedali zilikuwa mbali kama Naivasha.

"Kisogeze mbele," alisema.

"Hakisogei, Mama Ivyne. Kimefungwa kwenye sakafu. Hakina reli."

Millicent aliugeuza usukani kulia, akaugeuza kushoto. Kisha akavua glavu, kidole baada ya kidole.

"Kwa hivyo ukishindwa kupita kesho, gari haliendi kabisa. Si wewe, si mimi."

"Haliendi."

"Basi shindwa," alisema, "uone utakula wapi."

*

Jumamosi mpini wa ufagio ulipita. Caren aliulaza, akachungulia, akapitisha kidole kati ya mpini na helmeti. "Safi," alisema. Dalmas alikuwa ameshaanza kutabasamu ndani ya helmeti Caren alipotoa saa ya kuhesabia.

"Sasa toka."

"Nitoke?"

"Kwa kiti cha mashindano, lazima dereva atoke mwenyewe kwa sekunde kumi. Moto hausubiri mtu. Unapewa mara mbili."

Ndegwa alikuwa amesogea karibu, kikombe cha chai mkononi, na nyuma yake nusu ya klabu. Millicent alisimama pembeni, mikono kifuani. Kando yake alikuwepo Kitavi, aliyekuja kuona kazi yake ikikimbia.

"Anza!"

Dalmas alifungua mshipi, akafungua mlango, akajisukuma juu. Hakuna kilichotokea. Kiti hakikumbana, nafasi ilikuwepo, sentimita nzima. Lakini sufu ilikuwa imekutana na sufu, suruali imelishika kiti na kiti kimeishika suruali, kama ndugu waliopotezana tangu kiwandani. Ndegwa alihesabu kwa sauti, na uwanja ukaitikia. Dalmas alitoka kwenye kumi na sita, akiwa mzima lakini amepinda.

"Jirani!" Ndegwa alisema. "Keki imekataa kutoka kwa sufuria!"

"Bado mara moja," alisema Caren kwa upole.

Dalmas alimwona Millicent akifungua mkoba, akitazama glavu zake, akiufunga tena.

Kitavi ndiye aliyemvuta kando, nyuma ya gari la wagonjwa. "Mzee, ni kosa langu. Sufu kwa sufu inang'ang'ania. Lakini suruali yako nimeitia bitana yote, kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo. Hariri. Bitana inateleza kama sabuni."

"Bitana iko ndani."

"Iko ndani," Kitavi alikubali, akangoja.

Dalmas alielewa. Aligeuza suruali ndani nje kichwani mwake, akaona bitana ya zambarau ikimeta juani, na mishono yote. Kisha akaona, nyuma katikati ya kiuno, lebo aliyoiagiza yeye mwenyewe, namba mbili ndefu kama kidole, kwa uzi mweupe.

"Hauwezi kuifumua haraka?"

"Ulisema isomeke, mzee. Nimeishona mara tatu."

Kutoka kwenye foleni ya chai alisikia Ndegwa akicheka. Msimu ulikuwa na gari moja tu lililobaki kukaguliwa. Aliingia nyuma ya mlango wa gari la wagonjwa.

Alipotokea, kelele zilikatika kwanza. Alitembea mwendo wake wa kawaida, zambarau tupu kutoka kiunoni kwenda chini, mifuko ikining'inia nje kama masikio, na alipompita Ndegwa akaupa uwanja mgongo.

"Arobaini na nne!" Ndegwa alisoma kwa sauti ya kutangaza. "Jirani! Si ulituambia kanisani thelathini na nane?"

Dalmas alisimama, akageuka. "Nilikosea mpaka," alisema. "Nimepima upya. Ni arobaini na nne kwa tepu ya chuma, mara tatu, na nikikaa naongezeka. Soma tena, wale wa nyuma hawakusikia."

Ndegwa alifungua mdomo, lakini kusoma kwa kuagizwa hakuna ladha. Akanywa chai.

"Anza!" Caren aliita.

Mshipi, mlango, mikono juu ya chuma. Dalmas alijisukuma kwa nguvu zile zile za mara ya kwanza, na hariri ikamtoa kwa kasi ambayo hakuwa ameitarajia. Alipita ukingo wa mlango, akapita Caren, akapiga hatua nne za kukimbia asizozikusudia, akasimamishwa na meza ya chai.

"Sita," alisema Caren. "Sekunde sita. Umepita." Millicent akapiga mluzi wa vidole viwili, kitu ambacho wazazi wa shule yake hawajawahi kumwona akifanya.

Aliendesha. Kigari chekundu kilizunguka kati ya koni, kikapiga kelele kwenye kona, na ndani yake Dalmas hakuhama hata unywele, ameshikwa vizuri mbavu na makalio kama ahadi ya Wainaina. Aliangusha koni mbili. Ya tatu aliibeba chini ya gari hadi mwisho, na alipovuka mstari alikuwa akiimba, kitu alichokikana baadaye. Kati ya magari kumi na moja alikuwa wa tisa. Ndegwa alikuwa wa kumi, kwa sababu kiti chake kilikuwa bado kile cha kawaida, na kwenye kona ya mwisho aliteleza mpaka upande wa abiria.

Walipokuwa wakifunga vitu, Dalmas akiwa bado na zambarau yake, alimwona Ndegwa akimvuta Kitavi pembeni. Walikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa.

"Fundi," Ndegwa alinong'ona. "Mimi pia nafikiria kiti kama ile. Kwako mimi ni ngapi? Si bado thelathini na sita?"

Kitavi alitoa kitabu kwenye mfuko wa koti. Alilowesha kidole, akafunua kurasa bila haraka, akasoma kwa sauti ile yake ya dukani, ya kusikika hadi kwenye benchi.

"Thelathini na sita, mzee. Kama kawaida."

Ndegwa alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, kifungo kimoja cha shati kikatetemeka. Kitavi, juu ya bega lake, alimtazama Dalmas kwa macho ya mtu anayeomba.

Dalmas alilikumbuka lile kabati la karatasi za kaki. Ya Ndegwa alikuwa ameiona. Ilikuwa na vipande vingi kuliko yake.

"Kiti chake kiko barabara ya Kirinyaga," alisema. "Cheusi, mbavu nyekundu. Mwambie Wainaina namba hiyo hiyo." Akafikiri kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Lakini jirani, ukienda, acha simu kwenye gari. Na umsalimie mama wa chapati."

Kisha akaenda kumtafuta mkewe, amwambie kwamba Wainaina huenda anajua namna ya kurefusha pedali.